Baba Alizikwa Nikiwa Tomsk

 Sijui jina lako wala lililokupata. Haya nayaandika nikimfikiria mtu aliye mbali na kwao, usiku, amefunga mlango na hataki kumwambia yeyote. Kama ndiye wewe, nivumilie kidogo. Mimi nimepita hapo. Na sitakudanganya kwamba yameisha yote: hadi leo simu ikilia kabla ya alfajiri, mkono hunitetemeka kabla sijaona ni nani anayepiga.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba yangu alikuwa seremala, karakana yake Ngamiani, na ukipita njia ile ungemsikia kabla hujamwona. Nilipopata ufadhili wa kusomea uhandisi wa mafuta na gesi Urusi, redio zote zilikuwa zinazungumzia gesi ya Mtwara na Lindi, na baba aliona Mungu amenifungulia mlango. Alitafuta ramani ya dunia akaweka kidole Moscow. Nikamsogeza kidole mashariki, mbali sana, hadi Siberia, kwenye mto unaoitwa Tom. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi huko nako Mungu ni huyuhuyu."

Nilifika Tomsk mwezi wa Septemba, na mwanzo palinipendeza. Ni mji wa nyumba za mbao. Usidhani ni vibanda. Ni majumba ya magogo ya ghorofa mbili, yenye nakshi kuzunguka madirisha na chini ya mapaa, mengi yamepita miaka 100. Moja liko Mtaa wa Krasnoarmeyskaya, na juu ya paa lake vimechomoza vichwa vya majoka vilivyochongwa. Kila nilipoona nyumba nzuri nilimpigia picha baba. Mama aliuliza kama nimenunua koti zito. Baba aliuliza: huo ni mti gani? Pembe wanaziungaje? Wanapiga misumari? Nikamwahidi kwamba nikishaijua lugha nitamuulizia.

Kisha baridi ikaingia. Siwezi kuieleza ikaeleweka Tanga. Ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, pumzi inaganda kwenye kope. Ikifika 40, hewa yenyewe inakwaruza koo. Lakini baridi ina dawa yake, nayo ni nguo. Lililonimaliza mimi ni giza. Mwezi wa Desemba jua la Tomsk linachomoza karibu saa nne asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshatua. Niliingia darasani gizani na kutoka gizani. Kirusi hakikunikaa kichwani. Nikaanza kulala sana, nikaacha kupika, nikawa napokea simu za nyumbani kwa sauti ya uchangamfu wa kujilazimisha, na nikishakata nabaki nimeangalia ukuta.

Baba akapata kiharusi. Nyumbani walinificha uzito wake, kama tunavyofichana sisi. Waliniambia ni shinikizo la damu, anaendelea vizuri, wewe soma.

Ilikuwa Januari. Wanafunzi wengi walikuwa wameondoka kwenda makwao, na bweni lilikuwa kimya. Simu ililia kabla ya alfajiri. Alikuwa kaka yangu. Hakusema kitu. Nilisikia tu watu nyuma yake. Nikajua.

Watazika kesho baada ya adhuhuri, akasema. Huwezi kufika.

Ni kweli nisingefika. Kutoka Tomsk hadi Moscow peke yake ni kama saa nne za ndege, na hapo safari ya Afrika bado haijaanza. Nilikaa kitandani siku nzima. Tomsk iko saa nne mbele ya Tanga. Wao walipotoka msikitini saa saba mchana, jua la Januari liko utosini, kwangu giza lilikuwa linaingia. Nilijua wanapita njia gani. Nilijua nani yuko mbele ya jeneza. Niliangalia saa. Nikasema sasa wamefika. Sasa wanamshusha.

Sikulia. Nilivaa koti nikatoka. Sikuvaa kofia. Nilitembea. Sijui nilikwenda wapi. Nakumbuka taa za barabarani na ukungu. Nakumbuka nilikaa kwenye kituo cha basi. Masikio yaliuma, kisha yakaacha kuuma. Nikaona afadhali. Kuna mama mmoja wa Kirusi alinishika begani akanifokea, akavua skafu yake akanifunga kichwani, akanisukumia ndani ya basi. Sikuwahi kumwona tena. Mungu amlipe.

Baada ya hapo ni homa. Siku zenyewe siwezi kuzipanga. Nilisikia watu wakizungumza Kiswahili, kumbe hakuna mtu. Kifua kilikuwa kizito. Nilitaka maji na sikuweza kuyafuata. Nilijaribu kuswali nimelala na maneno ya Al-Fatiha yakanipotea katikati. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko homa. Nikasema, imekwisha. Sitatoka humu.

Aliyebisha hodi alikuwa kijana wa Bujumbura, mtoto wa Buyenzi, kule kunakozungumzwa Kiswahili kama Pwani. Alikuwa mwaka wa tatu na alikaa ghorofa ya juu yangu. Mama yangu, alipoona sipokei simu, alimwambia kaka, kaka akatafuta kwenye mitandao kila Mwafrika aliyeko Tomsk hadi akampata huyu. Alibisha, hakujibiwa, akamwita mlinzi, wakafungua mlango. Gari la wagonjwa lilikuja haraka. Ilikuwa nimonia. Madaktari na wauguzi walinitunza vizuri na nikapona kifua. Moyo ulibaki palepale.

Nilirudi bwenini nikiwa mtu wa kukaa tu. Mrundi aliniletea chakula, nikala kidogo kumridhisha. Ijumaa moja alikuja amevaa tayari, akasema, "Kaka, leo huulizwi. Inuka."

Tomsk kuna misikiti ya tangu zama za Tsar, mfalme wa Urusi, mmoja wa matofali mekundu, mwingine mweupe. Ilijengwa na Watatari, Waislamu wenyeji wa nchi ile. Alinipeleka ule mwekundu. Baada ya swala alikwenda kunong'ona na imamu, na imamu akaomba dua kwa jina la baba yangu. Watu wasioijua Tanga iko wapi wakasema amin. Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka mzee aliyekaa pembeni yangu akanivuta akaniegemeza kifuani kwake, na hakuniachia.

Mzee huyo ndiye ninayemwita Babu. Alitupeleka kwake, nyumba ya magogo katika mtaa wa zamani wa Watatari. Bibi, mkewe, alitupa chai ya maziwa, na vitafunio vya pembe tatu vyenye nyama na viazi, kama sambusa lakini vikubwa na vya kuokwa. Nilikula nikamaliza sahani. Mrundi aliniangalia akanyamaza.

Tukawa tunakwenda kila Ijumaa. Kirusi changu kilikuwa cha kuokoteza, Mrundi akitafsiri. Babu hakunipa mawaidha ya kusubiri. Alinihadithia mji wake. Nilidhani ananipotezea muda ili nisifikirie, na labda ndivyo ilivyokuwa. Lakini hadithi ile ndiyo iliyoninyanyua, kwa hiyo na wewe nakupa.

Alianza mwaka 1604. Pale palikuwa na Watatari wa Eushta, watu wachache, wakivamiwa mara kwa mara na makabila yenye nguvu kutoka kusini. Mkuu wao, Toyan, alisafiri hadi Moscow kwa Tsar Boris Godunov, akaomba pajengwe boma katika nchi yake limlinde, na watu wake wasitozwe kodi ya ngozi za wanyama. Tsar akakubali. Mwaka huohuo askari wakaja chini ya Gavrila Pisemsky na Vasily Tyrkov, wakapanda kilima kilicho juu ya mto Tom, wakakata miti, na kabla theluji haijatanda boma la magogo likawa limesimama. Babu alinipeleka kwenye kilima hicho. Siku hizi kina mnara wa mbao uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa kale. Ng'ambo ya mto kipo bado kijiji kinachoitwa Eushta.

"Waliitwa kulinda," Babu alisema, "wakabaki kutawala." Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Kutoka boma lile askari walikwenda kukusanya ngozi za manyoya kwa makabila ya mbali zaidi. Mwaka 1618 watu wa Tomsk walijenga boma jingine, Kuznetsk. Mwaka 1639 askari wa Kikosaki waliotoka Tomsk, wakiongozwa na Ivan Moskvitin, walifika hadi kwenye maji ya Pasifiki, Warusi wa kwanza kufika huko. Na hao askari wenyewe walionewa. Mwaka 1648 walichoshwa na dhuluma ya liwali wao, Osip Shcherbaty, wakamwondoa madarakani, na wakauendesha mji bila yeye kwa muda mrefu kabla Moscow haijautuliza.

Boma likawa mji. Barabara kuu ya kutoka Urusi kwenda Siberia ya mashariki ikapita hapo, na pamoja na misafara ya chai wakapita wafungwa waliofungwa minyororo. Mwaka 1804 Tomsk ikafanywa makao makuu ya jimbo, jimbo kubwa mno, ambalo ndani yake leo kuna Novosibirsk, Kemerovo na Altai. Ikaja dhahabu katika miaka ya 1830, wakaja matajiri, na hayo majumba ya nakshi yakaanza kusimama. Mwaka 1888 kikafunguliwa chuo kikuu, cha kwanza katika Siberia nzima, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha tiba. Mwaka 1900 ikaanza kufundisha taasisi ya ufundi. Babu alijivunia hilo kuliko dhahabu. Alisema mji wa mpakani kujenga chuo badala ya gereza jingine ni jambo la kushukuriwa.

Kisha mji ukarukwa. Reli kuu ya Siberia ilipojengwa mwishoni mwa karne ya 19, haikupita Tomsk. Wapo wanaosema matajiri wa mji waliikataa, lakini wahandisi walikuwa wanatafuta mahali pazuri pa kujenga daraja la mto Ob, penye mwamba chini na pasipo pana sana, wakapapata kusini. Tomsk ikaunganishiwa kijireli cha pembeni, kutoka stesheni ya Taiga iliyo umbali wa kilomita kama 80. Pale darajani kukaota kijiji mwaka 1893. Kijiji hicho ndicho Novosibirsk ya leo. Mwaka 1925 jimbo la Tomsk likafutwa, na Novosibirsk, kijiji cha juzi, ikawa ndiyo makao makuu. Tomsk ikabaki mji wa kawaida uliokuwa na jina.

Nilimuuliza Babu watu walifanya nini. Akasema, "Walikwenda kazini. Vyuo vilibaki."

Lakini hilo lilikuwa dogo. Siku moja alinipeleka kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1989 chini ya jengo moja katikati ya mji. Chini kule palikuwa mahabusu ya NKVD, polisi wa siri wa Stalin. Vyumba ni vidogo. Ukutani kuna picha za watu. Mwaka 1937 watu walichukuliwa usiku, wakulima, mapadri, maimamu, walimu. Mshairi Nikolai Klyuev aliuawa kwa risasi Tomsk mwaka huo, na mwanafalsafa Gustav Shpet vilevile. Babu wa huyu Babu yangu alichukuliwa vuli ya 1937. Mkewe alikwenda kuuliza kila wiki. Hakujibiwa kitu.

Akanieleza na lingine, la Kolpashevo, mji ulio kaskazini katika mkoa huohuo. Mwaka 1979 mto Ob ulimega ukingo wake na maiti zikaonekana, maiti nyingi, za watu waliouawa zama zile. Wakubwa hawakuzizika. Walileta meli, rafadha zake zikasukuma maji kwa nguvu mpaka ukingo ukaporomoka, na maiti zikaenda na mto. Babu hajui kama babu yake alikuwa miongoni mwao. Hatajua.

Tulikuwa tumesimama nje, baridi kali. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "baba yako ameoshwa na ndugu zake. Ameswaliwa. Amezikwa kwa mikono ya watu wanaompenda. Na kaburi lake unalijua lilipo. Utakwenda."

Mrundi alipotafsiri, alitafsiri polepole. Nimeambiwa maneno mengi ya kuniliwaza katika maisha yangu. Hayo ndiyo yaliyoingia. Tangu Januari nilikuwa nafikiria nilichokosa. Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba mazishi ya baba yangu yalikuwa neema.

Usiku ule nilimpigia mama, nikamwambia ukweli kwa mara ya kwanza. Kwamba niliumwa sana. Kwamba nilitaka kurudi na sikuwa na nguvu hata ya kufunga begi. Mama alilia, kisha akasema, "Ningejua ningekusomea Yasin mapema." Akanisomea hapohapo kwenye simu. Wadogo zangu wakawa wananipigia kwa zamu, kila jioni mmoja. Baba mdogo akasema ada ya wadogo ataibeba yeye, mimi nisihesabu pesa, nihesabu masomo.

Sikupona siku moja. Nakuambia wazi ili usijilaumu. Kulikuwa na asubuhi za Machi ambazo bado nilishindwa kuinuka. Lakini jua lilikuwa linaongezeka, na Ijumaa ilikuwa inafika, na Bibi alikuwa ananitazamia. Barafu ya mto Tom ilipovunjika wakati wa masika, nilikwenda na Babu kuangalia mapande yakipita, na njia nzima tulizungumza Kirusi bila mkalimani.

Alinimalizia hadithi siku hizo. Vita vilipoingia mwaka 1941, viwanda vya magharibi viling'olewa mbele ya majeshi ya Hitler vikaletwa Siberia, na vingi vikashushwa Tomsk. Mama yake, msichana mdogo, alifanya kazi kwenye mashine zilizokuwa hazijaezekewa paa bado. Madarasa yakageuzwa wodi za majeruhi. Na tarehe 13 Agosti 1944, vita havijaisha, Tomsk ikafanywa tena makao makuu, safari hii ya mkoa wake yenyewe, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Ni mji wa watu zaidi ya nusu milioni, na vijana kutoka nchi nyingi wanakuja kusoma. Hata msikiti ule mwekundu ulikuwa umegeuzwa kiwanda cha vodka zama za Wasovieti. Babu alipokuwa mtoto alipita pale akisikia harufu ya pombe. Mimi nimesujudu humohumo, na waumini wamejaa mpaka mlangoni.

Na swali la baba nikaliuliza. Mti ni msonobari. Magogo hukatwa kwenye pembe yakalaliana, moja likashika jingine, na kati ya gogo na gogo hushindiliwa mimea laini ya msituni inayozuia upepo. Ukuta hauhitaji misumari. Nilimwandikia kaka yangu maelezo yote pamoja na mchoro, kwa sababu karakana sasa ni yake.

Nilimaliza masomo, alhamdulillahi. Mama alikuwa hai kuniona na shahada. Siku niliyofika Tanga tulipita makaburini kwanza, kabla ya nyumbani, na kaka alisimama nami hadi nilipomaliza dua. Babu alifariki baadaye. Nilizipata habari zake mapema, na safari hii nilijua la kufanya: niliwaambia watu wangu, na tulimsomea khitma nyumbani kwetu, Tanga, watu wasiomjua wakasema amin.

Sasa wewe. Kama hali yako ni ile ya chumba kilichofungwa, usingoje mpaka upate maneno mazuri. Leo hii mpigie mtu mmoja, mama, kaka, rafiki, imamu au mchungaji wako, na umwambie maneno matatu tu: hali yangu mbaya. Na kama kuna mtu anabisha hodi, hata huna nguvu ya kuongea, mfungulie.